Silabi, sauti au kadi za picha: umwanzishie mtoto wapi konsonanti ya mwanzo wa neno?

Kila Januari swali huwa lilelile. Mzazi amemleta mtoto darasa la awali, mkononi ana mfuko wenye daftari jipya na penseli mbili, ananisogelea na kuuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nimnunulie zile kadi zenye picha, au nimfundishe ba-be-bi-bo-bu kama tulivyosoma sisi? Na mbona mtoto wa jirani anafundishwa kusema 'mmm' na 'sss'?" Mlangoni, watoto wakiwa wamenizunguka, huwa sipati nafasi ya kumjibu ipasavyo. Leo najibu kwa kirefu.

Njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni ya silabi: mtoto anaimba irabu a, e, i, o, u, kisha kila konsonanti anaipitisha kwenye irabu hizo tano. Ya pili ni ya sauti za herufi: mtoto anajua kwamba herufi hii inalia hivi, kisha anaunganisha mlio mmoja na mwingine mpaka neno litoke. Ya tatu ni ya kadi na chati: picha ya bata, chini yake herufi B, na mtoto anasema "B, bata". Ukiwa na haraka, jibu langu ni hili: anza na masikio kabla ya herufi, silabi iwe uti wa mgongo, sauti moja moja iwe fundi wa kurekebisha, na kadi zibaki kuwa msaidizi. Ila jibu hilo linabadilika kulingana na mtoto uliye naye, na ndiyo sababu ya kuendelea kusoma.

Neno moja, njia tatu

Tuchukue neno "samaki" tuone kila njia inampeleka mtoto wapi.

Kwa silabi, mtoto ameshazoea sa-se-si-so-su, ma-me-mi-mo-mu na ka-ke-ki-ko-ku. Akikutana na "samaki" anaona vipande vitatu anavyovifahamu: sa, ma, ki. Anavitamka polepole, kisha kwa haraka, na samaki huyo hapo.

Kwa sauti, neno hilohilo lina vipande sita: s, a, m, a, k, i. Kazi ya kuunganisha ni kubwa zaidi, na mtoto wa miaka mitano akifika kwenye k pengine ameshaisahau s. Lakini ukimwuliza neno linaanza na mlio gani, atakujibu "sss" bila kusita, na mlio huo ataukuta tena kwenye sabuni, sufuria, simba na soksi.

Kwa kadi, mtoto anaona samaki mwekundu na herufi S kubwa. Anasema "S, samaki" kwa sauti kubwa, mzazi anapiga makofi. Mwaka mmoja nilikuwa na mtoto aliyekuja na pakiti nzima ya kadi kutoka nyumbani, anazitaja zote bila kukosea hata moja. Nikaifunika picha kwa kiganja, nikabakiza S. Akasema "samaki". Nikaandika ubaoni neno "sabuni", nikamwekea kidole chini ya s. Akasema "samaki". Nikaandika "soksi". Samaki tena. Kwake S haikuwa mlio, ilikuwa picha ya pili ya samaki. Alikuwa na kumbukumbu nzuri sana yule mtoto, ila kusoma kulikuwa hakujaanza, na mama yake aliumia nilipomwambia kwa sababu alikuwa amekaa naye jioni nyingi akimfundisha kwa moyo wote.

Kwa nini silabi inakikaa Kiswahili

Wapo wanaoiona njia ya silabi kuwa ya kizamani, ya kukaririsha. Mimi naitetea, na utetezi wangu unatoka kwenye lugha yenyewe. Silabi ya Kiswahili, ukiacha baadhi ya maneno ya kukopa kama "soksi", huishia kwenye irabu, isipokuwa pale m au n inaposimama peke yake kama kwenye "mtu" na "nchi". Irabu ni tano tu, na kila moja ina mlio mmoja popote ilipo. Mtoto akishajua "ba" ya baba, ndiyo "ba" ya bata, ndiyo "ba" ya baiskeli, ndiyo ile iliyo mwisho wa nyumba. Kiingereza hakimpi mtoto starehe hiyo.

Sikiliza pia watoto wa pwani wanapocheza kinyume. Mtoto ambaye hajashika kalamu anachukua "maji" anasema "jima", anachukua "paka" anasema "kapa", na mwenzake anamwelewa papo hapo. Hakuna aliyemfundisha kukata neno, na tazama anakokata: anakata kwenye silabi. Konsonanti haitengi na irabu yake. Kipande hicho tayari kiko kichwani mwake, mwalimu anakivisha herufi tu.

Na mtoto anayekwenda madrasa anaijua kazi hii kwa mlango mwingine. Kule anajifunza kwamba be kwa fataha ni ba, kwa kasra ni bi, kwa dhumma ni bu: herufi inasimama palepale, irabu inabadilika. Watoto hawa wakifika kwenye ba-be-bi-bo-bu huwa wanatabasamu, maana mchezo wanaujua. Kama wako anasoma madrasa, mwonyeshe uhusiano huo. Masomo mawili yanakuwa moja.

Udhaifu wa silabi upo, tena mkubwa. Wa kwanza ni kuimba bila kuona. Darasa zima linaimba chati kuanzia juu mpaka chini, rula ya mwalimu inagonga ubao, mgeni akipita dirishani anasema watoto hawa wanasoma. Sasa weka kidole kwenye "bo" peke yake, umwite mmoja. Utamwona midomo inacheza kimya, ba, be, bi, kisha kwa sauti: "bo!" Amefika kwa kuhesabu kutoka mwanzo wa mstari. Dawa yake ni kuvunja mstari mapema. Kata silabi kwenye maboksi au ziandike kwenye vizibo vya soda kwa maka peni, zitie kwenye kopo, tikisa, atoe mojamoja. Siku kopo linapoingia ndipo utajua nani anasoma na nani alikuwa anafuata sauti za wenzake.

Udhaifu wa pili ni hesabu. Kiswahili kina konsonanti za herufi moja 18, ukiongeza ch, dh, gh, ng', ny, sh na th zinakuwa 25. Zizidishe kwa irabu tano, ni silabi 125, hapo hujagusa mba, nda, kwa wala bwa. Mtoto anayezikariri moja moja kama vitu 125 visivyohusiana atachoka. Anayetambua kwamba ba, be, bi zote zimeanza kwa midomo kufungana, huyo ana vitu 30 tu vya kujua: konsonanti 25 na irabu tano. Kumbe kinachoifanya silabi iwe nyepesi ni kusikia konsonanti ya mwanzo, na hapo ndipo njia ya pili inapoingia.

Sauti: nguvu yake na mahali inapoteleza

Njia ya sauti ndiyo iliyopewa uzito miaka ya karibuni. Tanzania mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulianza kutumika darasa la kwanza na la pili mwaka 2015. Kenya mwaka huohuo programu ya Tusome iliingia katika madarasa ya mwanzo kwa Kiswahili na Kiingereza. Upimaji wa EGRA, yaani kipimo cha kusoma kwa watoto wa madarasa ya mwanzo, uliotumika katika nchi zote mbili, huwa na kipengele ambacho mtoto anasikia neno bila kuliona na kutakiwa kutaja sauti yake ya kwanza. Kwa hiyo mzazi akiona daftari lenye "mmm" asishtuke. Huo ndio mwelekeo.

Naipenda njia hii kwa sababu moja hasa: inatuokoa na majina ya herufi. Wengi wetu tulianza na a, be, che, de. Sasa mpe mtoto aliyejua majina tu neno "meza". Anaitazama m, anasema "me". Anaitazama e, anasema "e". Z ni "ze", a ni "a". Anajitahidi kuunganisha: "me-e-ze-a". Anakutazama, hakuna neno kama hilo, na wewe unamwambia arudie, naye anarudia vilevile kwa sababu amefanya hasa alichofundishwa. Kwenye shule zinazofundisha kwa Kiingereza hali ni ngumu zaidi, maana e inaitwa "i" na i inaitwa "ai". Nimemsikia mtoto akisoma "pete" akatoa "piti". Majina ya herufi yatakuja, hayana haraka. Mlio kwanza.

Pa kuteleza ni hapa. Konsonanti nyingine zinavutika, nyingine hazivutiki. Mmm, sss, fff, zzz, nnn, lll, shhh: hizi unaweza kuzishikilia mpaka pumzi iishe, na mtoto anazisikia vizuri mbele ya neno: "mmmmeza", "ffffeni". Lakini b, d, g, k, p na t zinapasuka na kutoweka. Ukijaribu kutamka b peke yake, lazima irabu ijipenyeze, unasema "ba" au "bu" bila kukusudia. Mtoto anayeambiwa b ni "bu" atasoma "bata" kama "bu-ata". Kwa hiyo usizilazimishe konsonanti za kupasuka zisimame peke yake. Zifundishe ndani ya silabi, huku ukimwonyesha mdomo: tazama midomo yangu kabla sijasema "bata". Imefungana. Sasa "boga". Imefungana tena. Nampa kioo kidogo ajitazame. Hilo ni somo la b, na hatukuhitaji kuitamka b tupu hata mara moja.

Ukichagua njia ya sauti nyumbani, basi anza na zinazovutika. M iwe ya kwanza, kwa sababu mtoto ana mama, maji, maziwa, meza na moto mdomoni kabla hata hajaja shule.

Kadi za picha: kinachoharibika ni neno lenyewe

Kadi na chati za ukutani ndizo zinazouzika, na ndizo zinazoniumiza zaidi. Picha si ubaya, picha ni tamu kwa mtoto. Tatizo ni kwamba nyingi zimepangwa kwa kuiga chati za Kiingereza, na Kiswahili hakikubali, maana mwanzo wa neno letu ni mahali penye mwendo.

Mtoto ameonyeshwa "K, kiti". Kesho yake viko vitatu, na anasema "viti". K imekwenda wapi? Umemwambia "CH, chura", akiona wawili anasema "vyura". Chumba ni vyumba. Jicho ni macho, jiwe ni mawe. Mtoto anaongea Kiswahili sanifu kabisa, ila herufi uliyomwambia ni mwanzo wa kitu hicho imeondoka. Vitenzi navyo, ukivitaja kwa ku-, kula, kulala, kucheza na kuoga vyote vinaanza na k, na mtoto hajifunzi lolote kuhusu sauti ya kitendo chenyewe.

Kuna jambo la m ambalo hata walimu tunalipita haraka. Chati itakupa M yenye mtu, mti au mkate. Sema "mama", kisha sema "mtu". M ya mama imeshikana na a. M ya mtu imesimama peke yake na ni silabi kamili: m-tu, makofi mawili. Mtoto aliyefundishwa kwamba m hupanda mgongoni mwa irabu akikuta "mtu" atasoma "matu" au "mutu". Ajabu zaidi ni mbwa na mbuzi. Kwa macho yote yanaanza na mb. Piga makofi: m-bwa, na m imesimama peke yake, mbu-zi, na m imezama ndani ya b. Hayo usimpe mtoto mwanzoni. Yaweke kando mpaka mama, meza na moto zimekaa sawasawa.

N nayo hubebeshwa mzigo usio wake. Utakuta ng'ombe, nyoka, ndizi na nazi wote wamewekwa chini ya N. Masikioni ni milio minne tofauti. Nazi ndiyo ya N. Nyoka ana NY yake, ng'ombe ana NG' yake, ndizi ina ND yake.

Kwa hiyo ukitaka kadi, tengeneza mwenyewe kwa boksi la sabuni na maka peni, uchague maneno ambayo mwanzo wake haukimbii hata vitu vikiwa vingi. Kwa s: samaki, sabuni, sufuria, simu. Kwa k usitumie kiti wala kikombe wala kisu. Tumia kuku, kofia, kalamu, kamba. Kwa p: paka, pete, pasi, pua. Kwa t: taa, tembo. Kwa f: feni, fisi, fimbo. Kwa n: nazi, nauli, nanga. Kwa ch: chai, chupa, chumvi, uachane na chakula na chumba. Kwa sh: shingo, shilingi, shule. V ni tabu kweli, maana nyingi zake ni wingi wa ki-; mimi hutumia vumbi, na mtoto analijua vumbi vizuri kuliko picha yoyote. Kisha kila herufi iwe na kadi tatu au nne, kamwe isiwe moja. Herufi yenye picha moja ndiyo iliyomfanya yule mtoto wangu aone samaki kila mahali.

Nyuma ya kadi usiandike kitu. Acha mtoto azipange: zinazoanza sawa zikae pamoja. Akiweka pete na paka upande mmoja na taa upande mwingine, hapo amesikia.

Basi uchague ipi?

Kama mtoto wako ana miaka mitatu au minne, usinunue chochote. Huyo ni wa masikio tu. Mkiwa njiani sokoni mwulize: "Mmmm... naona kitu kinaanza na mmmm." Atatafuta: maji! maembe! Mfundishe vitanza ndimi, kale kakuku ka kaka kako wapi, kaka? Konsonanti moja inagonga ulimi mara nyingi hivyo mpaka hana budi kuisikia. Pigeni makofi ya majina ya nyumbani, ya bibi, ya shangazi, ya dada. Dakika chache kwa siku zinatosha.

Kama ana miaka mitano au sita, yuko awali au PP1 na PP2 kule Kenya, na nyumbani mnaongea Kiswahili, chukua silabi. Tanguliza wiki mbili za kusikia mwanzo wa neno, kisha ingia ma-me-mi-mo-mu, na usikae kwenye mstari zaidi ya siku mbili kabla hujavunja na kuunda neno. Akishajua ma, me, mi na irabu zake, tayari ana mama na mimi. Asisubiri amalize konsonanti zote ndipo asome neno lake la kwanza.

Kama shule yake inafundisha kwa Kiingereza, hapo naelemea kwenye sauti. Silabi peke yake haitamsaidia na maneno yanayoishia na konsonanti. Mlio wa s, m, f, b na t unavuka lugha zote mbili vizuri. Ila irabu zitenganishe waziwazi: hii ni siku ya Kiswahili, a ni a ya baba. Na c isimame peke yake kwa Kiingereza tu, kwa Kiswahili haiendi popote bila h.

Kama Kiswahili si lugha yake ya nyumbani, au nyumbani r na l ni kitu kimoja, msikilize kwanza anavyosema, usianze na lori na redio. Mtoto anayesema "ledio" ukimwambia inaanza na r unamwambia masikio yake yanamdanganya. Anza na milio anayoitofautisha, na l na r zije baadaye zikiwa pamoja, kwa kutazama ulimi: kwenye l umetulia juu, kwenye r unatetemeka. Dh, th na gh nazo zingoje, tena kwa utulivu, kwa sababu hata watu wazima wengi husema "zahabu" na "samani".

Na kwa mwalimu mwenzangu mwenye watoto 70 na ubao mmoja, kadi hazitakutosha na kuunganisha sauti kwa mmoja mmoja hutaweza. Silabi ndiyo inayobeba darasa kubwa, mradi una kopo la vizibo na unaita majina. Mimi huwaita watano tu kwa siku, mpaka wiki tatu zikiisha nimemsikia kila mtoto akiwa peke yake. Huwa naandika kwenye daftari langu silabi alizoshindwa, maana kesho yake ndizo zinazokuwa juu ya kopo.

Utajuaje imeingia? Mpe neno ambalo halipo kwenye kadi yoyote wala chati yoyote. Wiki iliyopita nilisema "shemeji", neno ambalo hatujawahi kuliandika, nikauliza linafanana mwanzo na lipi. Mtoto aliyekaa nyuma karibu na mlango, ambaye muhula mzima alikuwa akiimba bila kutazama ubao, akaweka kidole mdomoni kama anayewanyamazisha wenzake. "Shhh," akasema. "Shati."